Fomu Namba 318

Mwanasheria alinionya siku ya kwanza kazini: futa vivumishi.
Usiandike "kikatili". Andika saa. Andika upana wa mlango,
askari wangapi, na lori lilikuwa na namba gani.
Machozi yako, alisema, si kielelezo.

Basi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
huku Khirbat Umm Lawza, vilima vya kusini mwa Al-Khalil,
mbele ya Itidal, mama yake Muntasir,
na fomu yenye mistari michache kuliko maneno yake.

— Walifika saa ngapi?
— Unga ulikuwa umeumuka nusu.
— Saa, mama.
— Andika nusu. Anayeoka ataelewa.
Nikaandika: takriban saa kumi alfajiri.

Amri waliiacha wiki tatu kabla,
imekunjwa chini ya jiwe, kwa lugha asiyoisoma.
Kosa: kisima hakina kibali.
Kisima alichokichonga mwambani babu wa babu ya mumewe
kabla ya ofisi ya vibali, kabla ya meza yake,
kabla ya mhuri kujua kulamba wino.

Lori likarudi kinyumenyume mpaka mdomoni mwa kisima.
— Likatapika zege, anasema.
Naandika: likamwaga.
Kina meta sita. Kipenyo meta nne.
Ndani, mvua ya vipupwe viwili.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Lakini haya hayakumwagika.
Haya yamezikwa yakiwa hai, palepale yalipolala,
na ng'ambo ya uzio, kwa walowezi,
nyasi zinanyunyiziwa tangu asubuhi, tsss, tsss,
hata kwenye kinasa sauti changu zinasikika.

Muntasir alisimama ukingoni. Waliomsukuma ni wawili.
Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.
Nina picha ya eksirei. Nina jina la daktari.
Nina muda ambao gari la wagonjwa lilisubiri kizuizini:
dakika hamsini na tatu.
Hapo nikajifanya natafuta betri mkobani.

— Na kondoo, arobaini na mmoja?
— Arobaini na wawili. Mmoja alikuwa tumboni.
Fomu haina safu ya walio tumboni.
Nikaichora mwenyewe. Mstari ukapinda.

Shahidi: neno ni hilohilo moja
kwa aliyeona na kwa aliyeuawa.
Kila nikijaza jina juu ya zile nukta
namwomba Mungu alisome kwa maana ya kwanza.

Nikamsomea yote, taratibu, kama sheria inavyotaka.
Alisahihisha mahali pawili: kondoo,
na jina la marehemu mumewe, nililolikosea herufi.
Kuhusu zege hakusema kitu.
Nikafungua kidau cha wino, nikamwonyesha pa kuweka dole gumba.
Akanitazama kana kwamba nami nimekuja na lori.
— Nilisoma hadi darasa la sita. Lete kalamu.
Akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake,
likavuka kisanduku, likapanda ukingoni,
likaenda mpaka karatasi ikaisha.

Nilipokuwa nafunga mkoba, mjukuu wake Rimas akanivuta mkono.
Ana miaka saba, na mfuko uliojaa kokoto.
— Washa hiyo simu yako. Sikiliza.
Zamani, anasema, ukirusha unahesabu moja,
unahesabu mbili,
halafu: chubwi!
na kisima kinakuita kwa sauti yako mwenyewe.

Akarusha.
Tak.

Akangoja, shingo kaipinda, kana kwamba pengine maji yamechelewa tu.
Akarusha tena. Tak.
Akachagua kubwa zaidi.

Faili la sauti, sekunde kumi na tisa.
Kielelezo cha nne. Sikuandika maelezo.