Nilichokipunguza

Elfu thelathini kwa siku, na chakula cha mchana.
Kazi yangu: kubeba maneno kutoka mdomo hadi mdomo
bila kumwaga.
Nilimwaga. Nakiri leo, mradi umeshafungwa.

Tulipanda Uru na Birgit, tope likitunyonya viatu,
migomba imelala ubavu kwa upepo wa juzi.
Kila kona alisimama: "Kama Tibeti! Kama Tibeti kabisa!"
Aliishi kule miaka miwili akiandika ripoti
juu ya furaha ya watu wasio na kitu.
Nikautazama mlima. Ulikuwa umejifunika gubigubi,
haukutaka kufananishwa.

Ndetaulwa, katibu wa kamati ya maji,
alitupokea na gambuti zake, mikono ina samadi.
Bomba lilikuwa pale, wima kama mlinzi
asiyelipwa tangu Machi.
Nyuma yake mfongo wa zamani, majani yameuziba,
mfongo uliochimbwa kwa majembe ya babu zake
ukafukiwa kwa semina ya siku mbili.

Birgit akafungua simu, akaonyesha picha:
hema jeusi la manyoya ya yaki, ng'ombe wa baridi,
mama wa mashavu mekundu, sufuria, moshi.
"Mwambie watu hawa wana amani
ambayo sisi tumeipoteza."
Nikamwambia.
Ndetaulwa akaisogeza picha karibu na macho.
"Muulize, hiyo sufuria husuguliwa na nani?
Na maji hapo huchotwa umbali gani?"
Nikatafsiri: "Anasema picha ni nzuri."

Ndivyo nilivyofanya mwaka mzima.
Waliposema, "Tuliwaonya, chemchemi ile hukauka kiangazi,"
nilisema, "Wanashukuru."
Waliponyamaza, nilisema, "Wamekubali."
Nina ada ya mtoto pale Majengo,
na neno la kweli halina posho.

Lakini siku ile mvua ilitufungia jikoni,
na Birgit, kwa kuchoka, akawa mtu.
Akasimulia chai ya kule, ya siagi na chumvi,
ilivyomkwama kooni kama dawa ya ng'ombe,
alivyoona haya kukataa
akagugumia, kikombe kikajazwa,
akagugumia, kikajazwa,
hadi vikombe saba, machozi yanamtoka,
mama wa hema anacheka kwa upendo.
"Baadaye sana nikaambiwa: ukimaliza, unajazwa.
Asiyetaka huacha kikombe kimejaa."

Hii niliitafsiri yote, hata chumvi.

Ndetaulwa hakucheka.
Aliizungusha kata ya mbege mikononi, povu likagusa ukingo.
"Basi mwambie," akasema kwa Kiswahili, si Kichaga,
ili hata dereva wetu Mpare asikie
nami nikose pa kujificha,
"mwambie na sisi tumekuwa tukinywa.
Majiko sanifu, tukanywa.
Mbuzi wa kisasa, tukanywa, wakafa kwa baridi.
Choo cha mfano. Bomba.
Tuliona haya. Nyie mkadhani tuna kiu."

Mvua ikapiga bati. Birgit akanitazama, anangoja.
Zile elfu thelathini zilikuwa mfukoni, zimekunjwa mara nne,
nilizisikia pajani kama jipu.

Nikafungua mdomo.
Ilichukua muda. Sikupunguza kitu.

Fomu ya awamu ya pili ilikuwa juu ya kinu, kalamu juu yake.
Hakuna aliyeigusa. Yeye mwenyewe hakuigusa.
Aliomba aonyeshwe mfongo, mvua au si mvua,
wakatoka wawili, bila mimi,
wakionyeshana kwa vidole.

Sijui aliandika nini kwenye ripoti.
Mimi sikuitwa tena kazini.
Mwezi wa saba nilipita: vijana wako ndani ya mfongo
hadi magotini, wanatoa majani, wanatukanana.
Kibao cha mradi kimekuwa mlango wa banda.
Maandishi yameelekea ndani;
mbuzi wa kienyeji ndio wanaoyasoma.