Jina la Baba

Fomu ina mstari wa jina la baba.
Ziara ya kwanza niliandika: hayupo.
Alikuwepo. Alikuwa jikoni akisuuza chupa,
tai ya shule ikining'inia mfukoni kama ulimi wa mbwa,
nami nikampita: "Samahani kijana,
mama mtoto yuko wapi?"

Iestyn, miaka kumi na sita, Port Talbot,
ghorofa ya tatu, lifti mbovu tangu Pasaka.
Dirishani, tanuri la chuma lililozimwa,
lililomlisha babu yake na babu wa babu yake.

Miaka kumi na tisa nimepanda ngazi hizi, mizani begani.
Watoto nimewapima; baba zao sikuwapima hata kwa jicho.
Nilisema na bibi, nikasema na binti,
mvulana nikamwachia ukuta auegemee.
Kisha ofisini, kwenye chai, tukaulizana
mbona vijana hawa hukimbia,
kana kwamba tuliwahi kuwapa kiti.

Jumanne hii Mabli alikuwa analia.
Cerys kalala, bibi kalala, katoka zamu ya usiku.
Nikanyoosha mikono, mazoea.
Iestyn hakunipa.
"Anapenda ubavu wa kushoto," akasema, macho chini,
"na mikono yako ina baridi."
Akamgeuza. Kilio kikakatika
kama redio iliyochomolewa.

Nikakaa sakafuni, sofa ilijaa nguo za kukunja,
nikamuuliza nisilowahi kuuliza:
Na wewe, unalala saa ngapi?

Akanyamaza mpaka birika likazima lenyewe.
Halafu yakamwagika: mtihani wa hesabu Ijumaa,
maziwa ya saa nane usiku,
mwalimu aliyesema ungefikiria mapema,
baba yake mwenyewe, ambaye ni kadi ya Krismasi,
na ile hofu, kwamba nikiandika amechoka
watakuja kumchukua mtoto.

Kwetu Tanga husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Hawakusema kazi hiyo huanza na umri gani.

Dawa sikuwa nayo. Nilimpigia mwalimu palepale, spika wazi,
Iestyn asikie mtu mzima akimtaja bila kushusha sauti.
Ziara nikazisogeza hadi saa kumi, akishatoka shule.
Ni jambo dogo. Lilinichukua miaka kumi na tisa.

Nikakata lile neno kwa kalamu.
"Nitajie jina lako, herufi moja moja."
Akataja, Mabli begani, taratibu,
kisha akainama juu ya karatasi
kuhakikisha sijakosea.