Sikio la Kushoto

Dukani Ruwi, Shamsudin kazipanga mezani:
hii riali kumi na mbili, besi yake yatikisa kifua;
hii tisa, ina maiki ya kumfokea mwenzio mchezoni.
Mimi nina nne, na baisa za basi la Sib.

"Na ile, iliyofungwa utepe wayani?"
"Mbovu hiyo. Sikio la kushoto limekufa."

Nikacheka hata akanishangaa.
Langu la kushoto lilikufa kwa surua,
nina miaka sita.

Nikampa mbili.
Sasa basini nusu ya fidla yaniingia,
nusu najazia mwenyewe.
Na usiku, vitani, adui akija kwa kushoto
ananiua, kama siku zote,
ila sasa kwa bei nafuu.