Barua Zenye Matundu

Ya saba ilitangulia ya tano.
Ya sita sijaipata hadi leo.
Ulizitia namba kwa penseli, pembeni,
kama mtu anayehesabu magunia ya kahawa,
ili nijue ipi imezaa ipi.

"Zulmira," uliandika, "Italia ina matope
yanayovua watu viatu.
Nalala na soksi tatu, moja juu ya nyingine,
na bado vidole vyangu havinijui.
Je, mfereji wa paa umezibwa?
Usimlipe Jandir kabla mvua haijaupima."

Nilingoja vita, ukaniletea mfereji.
Nilitaka kujua ndege inaliaje inapoinama,
ukaniambia inanuka mafuta na ngozi mbichi,
na kwamba fundi wako, kijana wa Recife,
ameichorea jogoo ubavuni,
jogoo mbaya, mwenye miguu ya bata.

Kisha, katikati ya sentensi, tundu.
Mkaguzi wa jeshi alikuwa na wembe mkali
na mkono usiotetemeka.
"Jana tulivuka…" na karatasi inaishia hewani.
"Tuliondoka wanane, tukarudi…"
Niliilaza barua juu ya meza ya jikoni
nikaona mbao pale palipokuwa na idadi.
Nikailaza juu ya kiganja changu.
Nikaishika mbele ya uso wa Iracy,
miezi minne, amelala,
naye akawa neno nililonyimwa.

Nami nilikujibu kwa mfereji.
Ng'ombe wa jirani kazaa pacha.
Cherehani imevunjika sindano.
Padri amehubiri hadi mishumaa ikachoka.
Sikukwambia kwamba mke wa Tarcísio
aliletewa telegramu akiwa anafua,
akaisoma, akaikunja, akamaliza kufua.
Tulifichana kwa adabu, wewe huko, mimi huku,
kila mmoja mkaguzi wa mwenzake.

Ukarudi Julai, mwembamba, na sanduku moja.
Watu wakapiga fataki hadi mbwa wakahama mtaa.
Usiku ulilala sakafuni. Kitanda, ulisema, kinazama.

Septemba nikalitoa bunda,
nikakukalisha, nikakuomba uyajaze matundu.
Ukacheka, mara ya kwanza tangu urudi.
"Hapa ni Mto Po. Hapa daraja, jina limenitoka.
Hapa ni saba. Na hapa," ukashusha sauti, "hapa ni Tarcísio."
Ulitamka kama mtu anayerudishia
vifungo kwenye shati kuukuu.

Mpaka namba kumi na tisa.
Tundu dogo, chini kabisa ya ukurasa, baada ya maneno
"barabarani palikuwa na mkokoteni, na juu yake…"
Ulilitazama hadi kahawa ya maziwa ikafanya utando.
"Sikumbuki," ulisema. "Mkaguzi alikata."
Ukainuka, ukachukua ngazi,
ukaenda kuziba mfereji
ambao haukuwa unavuja.

Mimi ni mshonaji, Anselmo.
Naujua wembe, naujua mkasi.
Matundu mengine yote yana kingo zilizonyooka.
Hili lina vimeno, limepindapinda:
mkasi wa kucha, ule niliokufungia mwenyewe
ndani ya soksi za sufu, siku ya safari.

Sikusema kitu. Nimeirudisha bundani,
kati ya kumi na nane na ishirini.
Sasa uko juu, unagongagonga bati zima,
nami nimeshika ngazi kwa mikono miwili,
natazama soli za viatu vyako.
Nyundo ikichoka, shuka.
Maharage yako jikoni, bado ya moto.