Mstari wa Sita

Nesi Muhayyo kakupa karatasi, ukaibandika kwenye jokofu langu,
juu ya picha ya mjomba Egamberdi akiwa jeshini.
Osha tunda kabla ya kulikata.
Osha hata lile ambalo ganda lake haliliwi.
Osha mikono, osha kisu.
Nikasema moyoni: huyu sasa atatuosha na sisi, atuanike.

Mimi Zulhumor nimezaa sita.
Nimekula forosadi zilizodondoka vumbini, nikizipuliza tu.
Nimekula aprikoti na mdudu wake.
Na matikiti, ee binti wa watu, matikiti yetu ya Khorezm,
niliyapasulia gotini katikati ya shamba la pamba
kwa kisu kilichotoka kukata kamba za magunia,
nikafuta mdomo kwa ncha ya kilemba, nikarudi kwenye safu yangu,
maana msimamizi alihesabu kilo, hakuhesabu mimba.

Wewe umesimama bombani, tumbo limekutangulia,
walisugua tikiti kwa burashi kama mtu asuguaye kisigino.
Nilikucheka. Mbele ya majirani, na najua ulisikia.
“Ganda hatuli. Waliosha la nini?”
Hukugeuka. Ulijibu taratibu, kama anayehesabu chenji:
“Mama, kisu ndicho kinachokula ganda.
Kinapita kwenye udongo, kisha kinaingia ndani kabla yetu.”

Neno hilo lilinikaa kooni kama kokwa.

Nilikuona pia Jumatano, stendi ya Urgench,
mbele ya meza ya vipande vilivyokatwa tangu alfajiri,
vyekundu, vinatiririka, nzi wakiviimbia.
Mate yalikujaa, machozi yakafuata.
Ukapita.
Mimi nisingepita.

Nimezaa sita: hiyo ndiyo hesabu ninayowapa wageni.
Walikuwa saba.
Wa tatu aliondoka na miezi yake saba tumboni,
msimu wa pamba, matikiti yakipasuka yenyewe kwa utamu.
Homa siku mbili. Mgongo. Nikadhani ni jua.
Kisha kimya,
na kimya cha tumboni hakifanani na kimya kingine chochote.
Wakasema ni kijicho.
Wakasema nilivuka mfereji usiku.
Mama mkwe wangu akasema nilitamani komamanga la jirani nikanyamaza nalo.
Hakuna aliyeuliza nilikula nini, kwa kisu gani.

Sisemi ni tikiti.
Hata Muhayyo, nilipomuuliza juzi kwa kuzungukazunguka,
kana kwamba naulizia mtu mwingine,
alinitazama kidogo, akasema: huenda, mama. Huenda si hilo.
Miaka mingi imepita.
Huenda. Nimelala na neno hilo usiku tatu. Lina mifupa.

Leo umelala mchana, miguu imekuvimba.
Nimelishusha tikiti kwenye wavu wake wa matete,
nikafungua bomba, nikalisugua mikunjo yote
hadi kwenye kikonyo, pale udongo unapojificha.
Nimeosha kisu kwa maji ya moto.
Nimeosha na ubao, jana tulikatia nyama.
Maji yalitoka rangi ya chai, nami nikaona haya
peke yangu, jikoni, mwanamke wa miaka sitini na nane.

Ukiamka usinishukuru,
wala usiulize macho yangu yana nini.
Kula sasa, lingali baridi.
Litakalobaki nitalifunika nilitie kwenye jokofu;
ndivyo inavyosema karatasi yako, mstari wa sita,
nimeusoma kwa miwani.

Ila picha ya mjomba ihamishie pembeni.
Mlango ule ni mpana, unawatosha wote wawili.
Na burashi, ukimaliza, usiitupe kwenye beseni la vyombo:
itundike, ikauke.