Mfuko wa Masikio Mawili

Mkwinda aliingia dukani Jumatatu
na mguu mmoja wa suruali ya jinzi.
"Nishonee mfuko wa mchanga," akasema.
"Uwe na masikio mawili, kama ya sungura,
kitako cha bunduki kilale katikati."

Nimeshona sare za shule, mapazia, sanda mbili.
Kitanda cha bunduki, bado.

Liwale nzima inaijua kazi yake:
maganda ya shaba yaliyokwisha kulia kule kitaluni
yeye huyajaza upya,
baruti kwa mizani ya sonara,
chembe kwa chembe, kama anayempimia mtoto dawa.
Lakini tangu masika risasi zake zilikuwa zinatawanyika.
"Ni baruti," alisema. "Au ni vichwa vya risasi. Au mtutu umechoka."
Orodha yake iliishia hapo.

Alikuwa ameegemeza kwenye kila kitu.
Meza ya mninga: miguu minne, maoni manne.
Tairi la Landrova: bunduki ikisema, tairi linajibu.
Jeki ya gari ilipanda vizuri,
ila chuma na mtutu havikai chumba kimoja.
Na gunia la korosho, jamani,
korosho hazitulii, zinanong'onezana humo ndani,
kila moja inatafuta pa kuhamia.

Mchanga ukaletwa na pikapu kutoka Mbwemkuru.
Niliuanika juu ya bati siku mbili,
nikauchekecha kwa chekeche la unga
(mama mkwe bado anauliza ugali una nini).
"Usiujaze sana," Mkwinda akaonya.
"Ukishiba unakuwa jiwe. Ukiwa na njaa unazama."
Nikaushibisha kama mgeni mwenye adabu,
aliyebakiza kidogo sahanini.
Nikapiga mshono mara tatu.

Jumamosi akanichukua nikaione kazi yangu.
Nyuma ya karakana, kichuguu kikubwa;
mbele ya kichuguu, boksi la sabuni na duara la makaa;
kati yetu na boksi, hatua mia na ushee.
Bunduki ililala kifudifudi kama mtoto aliyeshiba.
Hakuikumbatia. Aliminya sikio moja la mfuko,
mtutu ukashuka unywele mmoja,
akakiachia kidole peke yake kazi iliyobaki.

Mara tano.
Kila mara niliziba masikio nikiwa nimechelewa.

Tukaenda kutazama.
Nilitoa sarafu ya mia mbili, nikaiweka juu ya matundu:
yote matano yakafunikwa.

Nilipiga vigelegele. Peke yangu.

Yeye alisimama akiitazama ile sarafu
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.
Baruti haikuwa na kosa. Vichwa, hapana. Mtutu, hapana.
Mfuko haulengi, haujui shabaha;
unachofanya ni kumtoa mtu,
ili vilivyobaki vitoe ushahidi.
Mkono wake wa kulia aliurudisha mfukoni,
na mfuko wa suruali ukaanza kucheza polepole.

Nilikuwa nimeuona tangu Jumatatu ile,
chai ilipomwagika kisosani
akalaumu kikombe.

Wiki iliyofuata alikuja bila bunduki, bila kitambaa.
Akakaa kwenye benchi la wateja,
akauweka mkono juu ya meza yangu,
kati ya chaki na mkasi.
Sikusema kitu. Nilikanyaga cherehani.
Meza ikatikisika, chaki ikatikisika, mkasi ukalia,
na kwa urefu wa pindo moja la gauni
hakuna ambaye angejua
ni kipi kinakitetemesha kipi.