Fulana Uliyoiacha

Fulana uliyoiacha, Kazija, nimepewa mimi.
Ilikuja kutoka Dar ndani ya mfuko wa nailoni,
imefuliwa, imekunjwa mara nne,
mabegani ingali na upana wako.
Nimeishona kwapani kwa uzi mweupe,
maana wa kijani umekwisha dukani Wete.

Miaka sita nilitoka wa pili nyuma yako.
Si siri, Konde nzima yajua.
Alfajiri, kabla mikeka ya karafuu haijatandikwa ukingoni mwa lami,
tulitoka skuli hadi mdomo wa msitu wa Ngezi na kurudi,
visigino vyako vikinirushia mchanga,
mimi nikivihesabu kama mtu ahesabuye deni,
na Mwalimu Mbarouk juu ya baiskeli isiyo na breki
akipiga kelele: "Sabiha, usimfukuze! Mfuate!"
Mpaka leo sijaijua tofauti yake.

Kisha ule mwaka.
Ulishinda Gombani, ukashinda Amani,
ukauza cherehani ya marehemu bibi yako upate nauli ya boti,
ukafika Dar, jina halimo.
Karani akapekua karatasi, akapekua tena:
"Labda mwakani, dada. Kwani huko Pemba mlipata barua?"
Ulilala ukumbini, kichwa juu ya begi.
Ulinisimulia huku ukicheka,
na kicheko kile ndicho kilichonitia hofu.

Waliokuja kukuchukua hawakuja na pingu.
Walikuja na viatu jozi tatu,
daktari wa magoti, mshahara wenye tarehe,
na fomu iliyouliza: Jina. Baba. Nchi unayoiacha.
Kwenye paspoti mpya wamekuandika Khadija,
wamekunyoosha kama inyooshwavyo kanzu.
Mama yako hana mtoto wa jina hilo.

Hapa maneno yalikuwa mengi, sikufichi.
Kwenye duka la kuchajia simu walisema umeuza damu.
Aliyepiga meza kwa nguvu zaidi ni Shaame Kombo,
ambaye mwanawe ni mpishi Maskati
na pesa zake ndizo zilizoezeka lile duka.
Mpishi akihama, pilau haina bendera.
Wengine wakauliza, nchi ipi hasa aliyoiacha?
maana sisi tuna bendera ya nyumbani na bendera ya safarini,
na kule viwanjani hupanda moja.
Mimi nilinyamaza.
Nilikuwa nimeshapigiwa simu.
Nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Na hili sijamwambia mtu:
asubuhi uliyoondoka nilikwenda Ngezi peke yangu,
njia nzima tupu mbele yangu, hakuna kisigino,
na nikafurahi.
Nikafurahi mpaka kwenye mkarafuu uliopigwa na radi.
Baada ya hapo sikujua niende mwendo gani.

Leo tumekutana.
Mita elfu tano, mji wa watu, baridi ya kugonganisha meno.
Wewe na nyekundu iliyoiva kama zabibu,
mimi na jasho lako la zamani.
Mstari wa kuanzia ukatubana bega kwa bega.
Nilingoja useme samahani,
au labda nilitaka kuisema mimi.
Ukaangalia chini: "We Sabiha, kamba yako yalegea."
Hivyo hivyo, sauti ya Konde, mbele ya kamera.
Nikainama, nikafunga.
Bastola ikalia.

Ulimaliza wa kwanza, mimi wa sita,
kwa muda ambao sijapata kuukimbia maishani,
kwa sababu duru tisa nzima
niliviona visigino.
Wimbo wao ulipopigwa midomo yako ilikwenda,
sikujua kama ni wimbo ule au ni dua.

Usiku nilimpigia mama yako.
Mtandao ukikatika, ukirudi.
Medali alishaiona.
Hakuuliza bendera, hakuuliza pesa.
"Kakonda?" akasema.
"Kidogo," nikamwambia. "Usoni tu."
Akanyamaza. Nikamsikia anazima televisheni.